Ngoma ya Mtemi na Nembo ya Taifa

Bwana Mhariri,

Katika mdahalo wa muhula huu ndugu mmoja wa Kidato cha Tatu alilalamika kwamba Nembo ya Taifa letu haina alama hata moja ya watemi. Alisema Waganda wameweka ngoma katika ngao yao, na kwamba huko Lituanya, Ulaya, nembo ya nchi mpaka leo ni mpanda farasi mwenye upanga, aliyekuwa katika mihuri ya watawala wao tangu karne ya 14. Mbona sisi tumeziacha ngoma zetu? Akapigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, na yafaa nieleze sababu, kwani baba wa babu yangu alikuwa mpiga ngoma wa mtemi.

Tungeweka ngoma ya nani? Walituanya walikuwa na mtawala mkuu mmoja, kama Vytautas aliyefariki mwaka 1430. Lakini Usukuma peke yake ulikuwa na tawala za watemi zaidi ya 40, na kila mtemi na ngoma zake. Tukichagua moja, Mnyamwezi atauliza habari za Mirambo, na Mhehe atauliza habari za Mkwawa. Madaraka ya machifu yalifutwa mwaka 1963 ili tuwe watu wa taifa moja, nami naona ilikuwa haki.

Tena ndugu yetu hakuitazama ngao vizuri. Siisemi rangi ya dhahabu iliyo juu, ambayo sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa, wala pamba iliyo chini. Nasema jembe na shoka. Wengi hudhani ni vyombo vya mkulima tu, basi. Lakini Warongo, wahunzi wa Geita na Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma kwa moto wa mkaa wakafua majembe yaliyochukuliwa mpaka Unyamwezi, na watu waliyatoa mahari. Mtemi mwenyewe alikula kwa jembe hilo. Na shoka je? Wazee husema jina la mtemi latokana na kutema, yaani kukata msitu ili watu wapate mahali pa kukaa na kulima. Basi mtemi yumo katika ngao, ila amesimama kwa kazi yake, si kwa enzi yake.

Ngoma zenyewe hazikupotea. Ziko Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Naomba walimu wetu wa Historia watupeleke, kwani kutoka Kharumwa si mbali sana, na wengi waliopiga makofi siku ile hawajaiona ngoma ya mtemi hata moja.

Babu husoma gazeti hili kila muhula, tena kwa miwani, neno kwa neno. Nikifika nyumbani likizo hii najua nina kesi ya kujibu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne