Sauti ya Kwanza Mnadani

Msimu wa korosho unapowadia, kuanzia bonde la Lukuledi hadi Newala, wakulima hukusanyika mnadani kuamua jambo zito: kuzikubali bei za wanunuzi au kuzikataa. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, uamuzi huo kwa kawaida hutolewa hadharani. Ni haki kubwa, wala hatukusudii kuibeza. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua kwa shilingi 3,300.

Hata hivyo, ile "hatuuzi!" inayopaa mnadani ni ya wangapi?

Mara nyingi anayeanza kusema ni mwenye shamba kubwa, au mwenye mshahara, ambaye aweza kungoja mnada ujao. Nyuma yake ameketi mjane aliyekopa salfa na ambaye bado anadaiwa na vibarua wa palizi. Yeye anahitaji fedha leo. Lakini akisikia watu mia wakipaza sauti, hunyamaza. Na baada ya kitambo huamini kuwa hata yeye alikuwa hataki kuuza. Usiku humwendea mchuuzi wa kangomba, akauza kwa siri chini ya ile bei iliyokataliwa mchana.

Huu si ujinga wa mkulima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vya Marekani mistari iliyotofautiana waziwazi kwa urefu. Waliotangulia kujibu, kwa mapatano naye, walitoa jibu la uongo; takriban theluthi moja ya majibu ya waliofuata iliandama uongo huo. Alipokuwapo japo mmoja wa kusema kweli, waliobaki walipata ujasiri.

Tunawaambia haya walimu na watumishi wa umma kwa sababu vijijini ninyi ndio sauti ya kwanza. Mwalimu akisema, wazee huitikia. Mtendaji akikohoa, mjadala umefungwa. Ngojeni kidogo. Nao viongozi wa vyama vya msingi wawaulize kwanza wenye magunia machache, na panapokuwa na mgawanyiko zitumike karatasi za rangi mbili, ya ndiyo na ya hapana, ili hata asiyejua kusoma apige kura yake kwa siri. Kazi hiyo itaongeza saa moja. Anayeona saa hiyo ni nyingi na atueleze anaharakishia nini.