Maskani Isivunjwe, Ipewe Kazi



Kila nikikaa kwa mkutano, uwe wa kamati ya msikiti, wa chifu ama wa shirika, kuna maneno lazima yatajwe kabla chai haijapoa: "hawa vijana wa maskani." Yanatajwa kama jina la ugonjwa. Wazee wanataka maskani ivunjwe. Polisi wakipita jioni wanaivunja kweli, kwa rungu. Mashirika nayo yanataka vijana watolewe pale, wapelekwe hoteli kwa semina ya siku mbili, wapewe fulana na nauli, warudi.

Mimi nafanya kazi ya kuunganisha vijana Kibera na Kawangware, na maoni yangu ni tofauti. Maskani isivunjwe. Ipewe kazi.

Tuanze na maskani yenyewe. Ukitoka Toi ukipitia Makina ukateremka Lindi, ama kule Kawangware ukiingia Congo au Gatina, hutembei mbali kabla hujaona benchi, gogo ama ukuta umekaliwa mpaka umelainika. Kando kuna kinyozi, kuna jamaa wa bodaboda wakingoja wateja, kuna mama wa mahamri. Ukutani kuna rangi: jina la maskani, picha ya rapa, namba ya matatu. Na kila maskani ina sheria zake. Inajulikana nani anakaa wapi, nani wa kununua chai leo, na ukikopa usilipe, hakuna atakayekugombeza. Utanyamaziwa tu, na hiyo inauma zaidi.

Mzazi akipita hapo anaona uvivu. Mimi naona watu wasio na sebule. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu sita hakina pahali pa kijana wa miaka ishirini kukaa mchana. Maskani ndiyo sebule yake. Ndiyo pia ofisi yake ya kazi, maana vibarua vingi vya mjengo na vya kubeba mizigo vinapatikana pale. Anayekosa maskani anakosa habari.

Na hili si jambo jipya kwa dini yetu. Kuna hadithi ya Abu Said al-Khudri, iko kwa Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Wakamwambia hawana budi, hapo ndipo wanapokutana na kuzungumza. Hakuwafukuza. Aliwaambia kama ni lazima wakae, basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia: kuinamisha macho, kutoudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Soma tena polepole. Masahaba walisema kile kile tunachosema sisi, kwamba hatuna pahali pengine. Na jibu halikuwa kuvunja baraza. Jibu lilikuwa masharti. Anayetaka kuvunja maskani kwa jina la dini aanze kwa kujibu hadithi hii.

Sasa tuangalie watu wa mtaani wamefanya nini, kwa sababu kuna wanaodhani harakati huletwa na gari la shirika.

Kuna kikundi cha wasanii Kibera kinaitwa Maasai Mbili, kilianza 2001 na wachoraji wa mabango, wale wa kuandika "kinyozi" na "hoteli" kwa milango ya watu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 wakafa nchini, soko la Toi likachomwa na reli ikang'olewa hapa hapa Kibera. Wakati huo msanii anayejiita Solo7 alizunguka na rangi na brashi, akiandika ujumbe wa amani kwa kuta, milango na mabati. Hakungoja bajeti. Alitumia kile alichokijua, kuandika ukutani, na watu walimjua, kwa hivyo aliweza kupita mahali ambapo mgeni hangepita.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walibeba vifaa vya kupima mahali, wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakachora ramani ya mtaa ambao kwa ramani nyingi ulikuwa pahali patupu. Mradi huo ni Map Kibera. Kwa ramani ya nani kungekuwa na choo cha umma, madrasa na kliniki ya mtaa, kama si ya mtu anayepita hapo kila siku? Hata Octopizzo, jina lake la jukwaani linatokana na namba 8, matatu ya Kibera. Namba iliyokuwa ya aibu kwa kijana aliyeenda kutafuta kazi mjini ikawa kitu cha kuimba.

Halafu kuna suala la kipande, ambalo sisi Waislamu wa Nairobi tunalijua vizuri. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles waliwekwa hapa na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 kama ardhi ya jeshi. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ekari 288. Katikati ya namba hizo mbili kuna vizazi vya watu walioambiwa walete karatasi za babu ili waaminiwe ni Wakenya. Kijana mwenzake akitimiza miaka 18 alikuwa akienda kuchukua kipande. Yeye alikuwa akipigwa msasa mbele ya kamati. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ilisema Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Januari 2020 Mahakama Kuu, kwa kesi iliyopelekwa na Nubian Rights Forum ya Kibera pamoja na wenzao, ikazuia Huduma Namba isiendelee mpaka kuwe na sheria kamili ya kuilinda. Hizo ni kesi kubwa, lakini chini yake kuna wasaidizi wa kisheria wa mtaa: kijana anayemsindikiza mwenzake ofisini, anayejua ni fomu gani, anayekataa wakiambiwa "rudini kesho" mara ya tano.

Kazi ya maskani ninayoisema ni hiyo. Acha niwape mfano mmoja niliouona kwa macho yangu.

Kwa maskani moja ya Kawangware, jioni baada ya Isha, gari la polisi lilisimama likabeba vijana watano. Kosa halikutajwa. Kawaida kinachofuata tunakijua. Kila mama anakimbia kituoni peke yake, anaitwa kando, anaambiwa bei. Bei inapangwa kulingana na woga wake. Mwenye woga mwingi analipa nyingi, mtoto anatoka, wiki ijayo anabebwa tena kwa sababu sasa inajulikana kwao wanalipa.

Usiku ule ilikuwa tofauti, kwa sababu maskani ile ilikuwa imejipanga. Mmoja aliandika namba ya gari. Mmoja alilifuata kwa bodaboda ajue ni kituo gani. Wawili walipita kwa wazazi wote watano wakawaambia mtu asitoe kitu kando, tunaenda pamoja. Pesa zilichangwa kwa simu, za dhamana yenye risiti. Walipofika waliuliza swali moja kwa adabu: wameandikwa kwa kitabu cha OB kwa kosa gani? Hakukuwa na jibu. Kabla ya Alfajiri wote watano walikuwa nyumbani bila mashtaka, na zile pesa zikarudishiwa wenyewe.

Hawakuwa mawakili. Walijua Kifungu cha 49 cha Katiba, basi. Kwamba ukishikwa lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoelewa. Kwamba una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili au mtu wa kukusaidia. Kwamba lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha nje ya saa za korti, basi siku ya korti inayofuata. Na kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi sita, halikuweki rumande. Hayo yanaingia kwa karatasi ndogo kuliko tikiti ya mechi. Tangu maandamano ya Juni 2024, ambapo watu wasiopungua 60 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, sidhani kuna kijana wa Nairobi anayeweza kusema hayamhusu.

Lakini tuambiane ukweli pia, kwa sababu haki ya njia ina masharti.

Sharti la kutoudhi watu, maskani nyingi zinalivunja. Msichana akipita anaitiwa maneno mpaka anabadilisha njia ya kwenda madrasa. Mabinti wa mtaa huu nao hawana sebule, na hata benchi tumewanyima. Kuna maskani zimemezwa na bangi na muguka mpaka hazina tena mazungumzo. Na kuna zile zinazokodishwa. Msimu wa siasa, mheshimiwa anatuma mtu na bahasha, na vijana waliokuwa wakinywa chai pamoja wanapewa mawe. Kawangware tuliyaona Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa marudio: majirani walishambuliana, watu wakafa, vibanda vikachomwa. Waliotoa pesa walilala kwao salama. Kibanda kilichoungua kilikuwa cha mama wa mahamri.

Zanzibar nako, vyama vingi viliporudi miaka ya 1990, maskani nyingi zilichukua rangi ya chama, hii ya CCM, ile ya CUF, na jirani akawa anachagua njia ya kupita. Ukiacha maskani bila kazi yake, mwanasiasa ataipatia ya kwake. Uchaguzi ni Agosti 2027. Bahasha zinakuja.

Kwa hivyo ninaomba mambo matatu.

Kamati za misikiti: mkitaka vijana, shukeni mwende pale. Imamu akikaa kwa lile benchi robo saa baada ya Asr, bila hotuba, atajua mengi kuliko ripoti yoyote. Na kijana akibebwa usiku, simu ya msikiti ishikwe.

Mashirika: semina ya hoteli haimsaidii anayeshikwa saa nne usiku. Lipeni nauli za wasaidizi wa kisheria wa mtaa na muda wa maongezi wa simu zao. Hiyo ni pesa kidogo na inaonekana.

Na nyinyi wenye maskani, wiki hii fanyeni hivi. Chagueni wawili watakaoandika namba za magari na kufuatilia. Wekeni namba moja ya wakili au msaidizi wa kisheria kwa simu ya kila mmoja. Orodhesheni nani kati yenu hana kipande na mumpeleke pamoja. Kubalianeni kwamba msichana akipita anaitikiwa salamu, akapita. Na mkubaliane mapema, kabla bahasha haijafika, kwamba hamtachukua.

Haki ya njia ni deni, na tayari tumekaa njiani.

Wabillahi taufiq.