MKOA UMEKATWA, KURA IKO WAPI?

Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, mtemi aliyekuwa na mpaka njiani alidai hongo kwa kila aliyepita. Mzigo ulifika Tabora umekwisha kukamuliwa. Neno hongo tunalo mpaka leo, na mipaka ndiyo kwanza inaongezeka.

Mkoloni aliacha Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Kigoma, Kahama, Nzega, Mpanda, zote zilikuwa humo. Baada ya Uhuru wakubwa wakashika kisu. Kigoma ikawa mkoa, Kahama ikapelekwa Shinyanga, na miaka ya 1970 Mpanda ikatiwa Rukwa. Mwaka 2012 Mpanda ikahamishwa tena, safari hii Katavi. Mzee wa pale ametawaliwa na mikoa mitatu bila kuhama nyumba! Kichekesho zaidi ni kwamba reli ya Mpanda inakuja Kaliua na Tabora, lakini kwa miaka yote hiyo ya Rukwa mafaili yake yalikwenda Sumbawanga, mji usio na reli.

Hatupingi huduma kusogezwa. Mama mjamzito wa Mpanda hana haja ya historia, anataka hospitali jirani. Tunachouliza ni hiki: mkoa mpya huzaa nini kwanza? Ofisi, shangingi, na mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na Rais. Ilipoongezwa Songwe mwaka 2016, Bara ikafikisha mikoa 26. Wakuu 26, na hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura.

Kijana wa kijiweni usidhani haya hayakuhusu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa, na mkuu wa wilaya pia, uwezo wa kuamuru uwekwe ndani hadi saa 48. Hukumchagua, lakini anaweza kukulaza selo.

Januari 1958 TANU ilikutana hapa hapa Tabora, ikakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu: Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Ilikuwa kura ya kibaguzi, na Zuberi Mtemvu alikihama chama kwa hasira. Hata hivyo ilikuwa kura. Leo mtu wa Tabora hana hata moja ya kumchagua mkuu wa mkoa wake.

Tunadai Ibara ya 61 ya Katiba ibadilishwe, mkuu wa mkoa naye aje Isevya na Ng'ambo kuomba kura kama diwani.