Tahadhari: Msichimbe Kabla Wazee Hawajafundisha

Wakuu wa makambi ya uchimbaji Turkana na Olduvai, nawasihi mnisikilize kabla msimu haujafunguliwa. Kizazi cha wazee waliotambua visukuku kwa macho kinaondoka, na elimu yao haimo vitabuni.

Kamoya Kimeu, mmoja wao, alifariki Julai 2022. Hakupitia chuo kikuu. Alianza kama kibarua wa akina Leakey, familia ya watafiti wa visukuku, mwaka 1960, akaisomea mifupa kazini. Mwaka 1964 aliokota taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron. Agosti 1984 huko Nariokotome, Turkana, siku ambayo wenzake walikuwa wamepumzika, aliona kipande cha fuvu kilichofanana kwa rangi na kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho ndicho kilichofikisha watafiti kwenye kiunzi cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Wengine wangekikanyaga wakapita. Bernard Ngeneo naye, aliyegundua fuvu namba 1470 Koobi Fora mwaka 1972, alitoka katika kikosi kimoja na Kimeu, ambamo mgeni alitembea nyuma ya mzoefu mpaka macho yake yakazoea.

Ninachokiogopa ni hiki: mwanafunzi anakuja kwa wiki chache, mzee anapewa ujira wa kuchekecha udongo tu, na hakuna anayewaketisha pamoja. Umri wa visukuku vya Turkana unajulikana kwa matabaka ya majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Mtu asiyefundishwa akikiokota kisukuku kabla mahali pake hapajaandikwa, kinabaki mfupa usio na umri wa kuaminika. Na tabaka likishachimbwa halirudishwi, hata tujute vipi.

Kwa hiyo mpangeni kila mwanafunzi na mzee wake tangu siku ya kwanza, na mzee huyo alipwe kama mwalimu. Jina la aliyeona kisukuku liandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo. Vijana wa vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam wapewe mwiko na ramani pia, wasiishie kwenye chekeche. Nakala za madaftari na michoro zibaki makumbusho ya nchi husika kabla mtafiti wa kigeni hajapanda ndege. Zikishavuka bahari, kijana wa hapa atazifuata kwa nauli ipi?

Kambi isiyoweza kumlipa mzee afundishe, iahirishe msimu.