Mwalimu wa Muda Asitupwe Darasa Lolote
Na Makokha Ojiambo

Mwalimu wa shule ya msingi anapokwenda likizo ya uzazi hapa Busia au kule Tororo, pengo lake huzibwa kwa njia tunayoijua sote. Mwalimu mkuu humtafuta kijana aliyemaliza chuo cha ualimu na hajaajiriwa, akamlipa kutokana na kile wazazi walichochanga. Upande wa Kenya tunamwita mwalimu wa BOM, yaani wa bodi ya usimamizi wa shule. Upande wa Uganda, mwajiri wake ni wazazi wenyewe. Jumatatu yuko na watoto wa chekechea, Jumatano anashika Gredi ya 5, na Ijumaa anaombwa akae na wanafunzi wa Sekondari Msingi kwa sababu mwenzake amekwenda semina. Malipo yake ni ya aibu, na hilo limesemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba tunamchukulia kama mtu anayeweza kufundisha umri wowote, na wanaogharimika zaidi kwa dhana hiyo ni watoto wadogo kabisa.

Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anaweza kumsumbua mwalimu mgeni, kumpima, hata kumtoroka. Lakini ana kitabu na daftari, na akiulizwa walikoachia atafungua ukurasa. Mtoto wa miaka sita hana uwezo huo. Hawezi kumweleza mgeni kwamba wamemaliza silabi za "ba" na "ma" na wameanza kuunganisha maneno, wala kwamba jirani yake husoma kwa kukariri tu, macho yakiwa dirishani. Yote hayo yamo kichwani mwa mwalimu aliyeondoka, na mgeni huanza tena mwanzo. Ongeza suala la lugha. Uganda, tangu mtaala wa mwaka 2007, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya eneo. Kule Tororo lugha hiyo huweza kuwa Kijopadhola, Kiteso au Kisamia. Anayejua Kijopadhola pekee akipelekwa darasa la Wateso, mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani haeleweki, sembuse anayekosea hesabu. Na bado wakuu wengi wa shule huwaweka walimu wao hodari kwenye madarasa ya mtihani, mgeni akabaki na wadogo.

Ushahidi kwamba mwalimu wa mkataba anaweza kufanya vizuri na watoto hao uko jirani. Mwaka 2005, katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule zilizopewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Elimu bila malipo ya 2003 ilikuwa imeyafurisha madarasa hayo. Walimu hao walilipwa takriban robo ya mshahara wa mwenzao wa serikali, lakini walionekana darasani mara nyingi zaidi, na wanafunzi wao wakafanya vizuri zaidi. Wengi hunukuu matokeo hayo kuonyesha kwamba mwalimu wa bei nafuu anatosha. Mimi naona jambo jingine: kila mmoja alikabidhiwa kundi moja la watoto wa darasa moja, akaendelea nalo hadi darasa la pili. Hakuna aliyezungushwa shule nzima.

Watakaonipinga wana hoja nzito. Kwanza, utafiti huohuo ulionyesha kuwa walimu wa kudumu walilegea walipoletewa msaidizi, na baadhi ya nafasi ziliwaendea jamaa zao. Kamati za shule zilipopewa mafunzo ya usimamizi, kasoro hizo zilipungua. Pili, serikali ya Kenya ilipojaribu kuajiri walimu 18,000 wa mkataba, majaribio yaliyoendeshwa na shirika la World Vision yaliinua alama, ya serikali hayakuinua chochote. Mwaka 2011 chama cha walimu cha KNUT kiligoma na kudai, kwa haki, walimu hao waajiriwe kabisa. Naikubali hoja ya chama: pengo la kudumu lizibwe na ajira ya kudumu. Lakini hata shule yenye walimu kamili itakuwa na wajawazito na wagonjwa. Likizo ya uzazi ya Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya (TSC) ni siku 120, zaidi ya muhula mzima; ya Uganda ni siku 60 za kazi, karibu muhula. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, muhula ni theluthi ya mwaka wake wa kujifunza kusoma.

Atakayesema fedha hazipo akumbuke kwamba ujauzito haumshtukizi mwajiri. Ofisi ya elimu ina miezi kadhaa ya kujiandaa, kwa hiyo inaweza kuweka orodha ya walimu wa muda kwa umri wa watoto na kwa lugha, ikawalipa yenyewe, na kuwapa wiki moja ya kukaa darasani na anayeondoka kabla hajafunga mkoba. Ianze na chekechea hadi darasa la tatu, kama fedha ni chache. Orodha hiyo isikomee mpakani pia. Mtoto wa Amagoro ya Kenya na wa Malaba ya Uganda wanazungumza Kiteso kilekile, lakini aliyefunzwa chuo cha Mukuju, Tororo, hawezi kufundisha Amagoro bila usajili wa TSC. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwepo tangu 2010, na wizara mbili za elimu zinaweza kuanza kutambuliana vyeti kwa walimu wa madarasa haya ya mwanzo.