Utomvu Usitufanye Tukate Miti

Muhula uliopita niliegesha gari langu chini ya msonobari katika shule moja ya upili nilikoalikwa kuzungumza na wanafunzi. Niliporejea alasiri, nilikuta matone ya utomvu yamekaukia kwenye boneti. Kijana mmoja mwenye nia njema alikimbia kuleta maji na waya wa kusugulia sufuria. Kabla sijamzuia, rangi ilikuwa imekwaruzika na utomvu ungali pale pale. Mikwaruzo ile ilinisikitisha, lakini nilisikitika zaidi nilipoambiwa kwamba walimu wenye magari wameomba miti hiyo ikatwe.

Je, masomo tunayofundishana yana faida gani iwapo hayavuki mlango wa darasa? Kila mwanafunzi wa kemia anajua kuwa mafuta hayayeyuki katika maji. Utomvu wa msonobari nao una tabia iyo hiyo. Hata ukimwagiwa pipa zima la maji, hautabanduka. Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Utomvu huu huyeyushwa na spiriti, kama ile ya kusafishia vidonda.

Kwanza gari huoshwa na kuachwa lipoe kivulini. Spiriti hujaribiwa mahali palipojificha, ili ijulikane kama rangi itaistahimili. Kisha kitambaa laini kilicholowanishwa huwekwa juu ya tone kwa muda wa nusu dakika hivi. Utomvu ukilegea, hupanguswa taratibu, mahali pale pakaoshwa kwa maji ya sabuni na kupakwa nta. Wembe na kisu havifai, kwani hukwaruza. Petroli nayo ni hatari, kwa kuwa hushika moto upesi na huweza kuharibu rangi. Aidha, kazi hii isicheleweshwe, kwa maana jua huzidi kuugandisha utomvu.

Ningewasihi walimu wa kemia wawatoe wanafunzi nje siku moja, wakiwa na chupa ya spiriti na kitambaa, wakajionee wenyewe somo hilo. Nao wenye magari wanaoona kazi hiyo ni taabu, na waegeshe hatua chache kutoka mtini. Msonobari huchukua miaka mingi kukua, na chini ya ile niliyoiona siku hiyo walikuwa wameketi wanafunzi wakidurusu vitabu vyao. Tukiikata kwa ajili ya boneti, watakwenda kusomea wapi?