Treni ya Chini ya Ardhi Ni Tamu Mdomoni, Lakini Nani Atangoja?

Wasee, leo tuongee treni. Kila jam ikiuma Jogoo Road, hakosi mtu kwenye mathree wa kusema, "Hii Nairobi inataka treni ya chini ya ardhi kama London." Wote wanaitikia. Mimi sikubali. Tukijenga reli nyepesi hapa, ipite juu ya ardhi, na ichukue leni ya magari. Handaki lichimbwe tu pale ambapo kweli hakuna njia nyingine.

Kabla hujanirukia, cheki stori ya Toronto, Kanada. Kuna upande wa jiji unaitwa Scarborough, ulikuwa na katreni kake tangu 1985. Kalipozeeka, kukawa na mpango wa kukabadilisha na reli nyepesi ya juu ya ardhi, vituo 7, na doo zilikuwa zimeahidiwa. Lakini Rob Ford, aliyeingia umeya mwisho wa 2010, alikuwa ameshikilia kwamba watu wanataka treni za chini, barabara zibaki za magari. 2013 baraza la jiji likageuza mpango: sasa ni chini ya ardhi, vituo 3. 2016 gharama ikapanda, vituo vikakatwa hadi 1. 2019 serikali ya mkoa ikarudisha 3.

Wakati wakubwa wanabishana, katreni kalizidi kuchakaa. Julai 2023 behewa likatoka kwenye reli na laini nzima ikafungwa, haikufunguliwa tena. Treni mpya ilikuwa bado inachimbiwa. Abiria wakaambiwa wapande basi.

Huo ni mji tajiri. Sasa fikiria sisi.

Handaki si shimo tu. Linataka pampu za maji, feni za hewa, lifti, taa za saa 24. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalibeba nyumba na watu Mathare, na barabara za tao zikawa mito. Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi JKIA ikawa giza. Kama hatujaweza kuzibua mitaro ya juu, nani ataamka saa tisa usiku kuangalia pampu za chini?

Najua kuna hoja moja nzito upande ule mwingine: nyumba. Watu wanasema reli ya juu italeta tingatinga, na hawaongei bure. 2021 Mukuru kwa Njenga, maelfu waliachwa bila makao kwa sababu ya barabara. Ndiyo maana nasema leni ya magari. Hakuna mtu amejenga keja katikati ya leni. Barabara tayari ni ardhi ya umma, tunaigawa upya tu. Na usidhani handaki haligusi mtu. Kila kituo cha chini kinahitaji mlango mkubwa wa kutokea, na huo mlango unakaa juu, mahali fulani penye vibanda vya watu.

Lakini juu ya ardhi pia kuna kuharibu. Addis Ababa walifungua reli yao nyepesi 2015, kama kilomita 32, kwa dola milioni 475 hivi, sehemu kubwa mkopo wa Uchina. Walijenga haraka, hongera. Shida ni kwamba sehemu nyingi njia ilizungushiwa kizuizi, hivyo anayetembea kwa miguu akalazimika kuzunguka mbali ndio avuke. Baadaye spea zikawa ngumu kupata, treni nyingi zikaegeshwa. Kwa hivyo masharti yangu ni mawili: vivuko vya kawaida kila mahali watu wanavuka, na pesa ya spea itengwe kabla ya mtu kukata utepe. Hatutaki Thika Road nyingine, ambapo mama mwenye mzigo anapanda ngazi za daraja ili magari yasisimame.

Kusema ukweli, huu mjadala unahusu nani aachie nani barabara. Mwenye gari anapenda handaki kwa sababu halimsumbui: yeye abaki na leni zote, sisi tuteremke chini. Expressway ya kilomita 27 ilijengwa na kufunguliwa 2022, kwa anayeweza kulipia. Wenye magari wakajengewa chapchap. Sisi wa mathree ndio tunaambiwa tungoje kitu cha ndoto.

2027 inakuja, na kuna mwanasiasa atakuja mtaani kwenu na picha nzuri za treni inayopita chini ya tao. Usipige makofi bado. Muulize vituo ni vingapi, nauli ni ngapi, na miaka yote hiyo ya kuchimba, sisi tutapanda nini?